Azimio la Wiki Kumi na Mbili

Ujumbe wa sauti wa mama yake uliingia saa saba mchana, Profesa akiwa amekumbatia tasnifu ya mtu mwingine anayotaka kuifunga kwa spairo. Tuseme ukweli mapema: hakuwa profesa wa chochote. Alikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili, mwaka wa nne wa masomo ambayo wenzake waliyamaliza kwa miwili, na jina hilo alibandikwa na mwenye steshenari alimokuwa kibarua, mwanamke aliyeitwa na mtaa mzima Mama Karatasi. Kutwa nzima alichapa na kufunga tasnifu za watu. Yake ililala mkobani chini ya meza. Tarehe thelathini ya mwezi ule, saa kumi jioni, ofisi ya uzamili ingefunga dirisha na usajili wake ungefutwa, maana maombi ya kuongezewa muda alikwisha kuyatumia yote. Zilibaki siku ishirini na mbili na sura moja.

Alibonyeza ujumbe, akaibana simu kati ya sikio na bega.

"Mwanangu, hujambo? Huku mvua imenyesha tangu alfajiri. Baba yako kasahau kuanua nguo, zote zimelowa chapachapa, halafu ananinunia mimi kana kwamba mvua nimeileta mimi. Umekula? Usinywe chai kavu ukasema umekula. Haya, soma."

Profesa akacheka. Kisha akaacha ghafla, kwa sababu alikumbuka kuwa alishacheka mahali palepale, neno lilelile. Akapandisha jumbe za nyuma kwa kidole, mmoja, wa pili, wa tatu, mpaka wa wiki tisa zilizopita. Akaubonyeza. Mvua imenyesha tangu alfajiri. Jogoo aliwika palepale, baada ya neno "nguo", na sufuria ikaanguka palepale.

"Profesa, mteja anasubiri!" alipiga kelele Mama Karatasi. "Au siku hizi spairo inaingia kwa maombi?"

"Mama, njoo usikilize."

Mama Karatasi alisikiliza wa kwanza, akasikiliza wa pili, akamtazama binti yule juu ya miwani. "Hii ni kaseti," alisema. "Lini mara ya mwisho umeongea naye, yaani wewe useme naye ajibu?"

Profesa alihesabu wiki kwa vidole. Mtandao wa kule ulikuwa mbaya, ndivyo alivyoambiwa. Mama alituma ujumbe wa sauti mara mbili kwa wiki, naye akajibu kwa maandishi, na kila alichouliza hakikujibiwa. Kichwa changu mimi, alijilaumu, mbona sikuona? Lakini aliona. Aliona, na ilimfaa. Mama anayetuma sauti hawezi kumbana mtu kwa swali la papo hapo: umemaliza? Miezi mitatu na zaidi iliyopita swali hilo aliulizwa kwa simu, naye akajibu bila kupepesa, "Miezi mitatu tu, Mama, nakuwa nimeshawasilisha." Siku hiyohiyo asubuhi msimamizi wake alikuwa amemrudishia kazi yote, na kwenye ukurasa wa kwanza ameandika neno moja kwa wino mwekundu: Upya.

"Mficha maradhi, kilio kitamfichua," alisema Mama Karatasi, na utani ulikwisha kumtoka usoni. "Kila nyumba ina mtu mmoja asiyejua kudanganya. Mpigie huyo."

Huyo alikuwa baba yake. Simu iliita kidogo tu ikapokelewa.

"Baba, shikamoo. Mama yuko wapi?"

"Marahaba. Mama yako ametoka. Amelala."

"Ametoka au amelala?"

"Vyote viwili," alisema mzee, na pumzi ikasikika inavyohangaika. "Mwanangu, mimi usiniulize. Mimi niliwaambia tangu mwanzo kwamba sitaweza. Muulize mchumba wako."

Akakata simu.

*

Mchumba alikuwa fundi wa majokofu, na kila mtu, mpaka mama yake mzazi, alimwita Fundi. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye majokofu kumi na moja yaliyosimama wazi, hakuna hata moja linalofanya kazi. Alipomwona Profesa mlangoni saa hizo za kazi, na uso ule, alizima kichomeleo chake akafuta mikono kwenye suruali.

"Mama yangu ana nini?"

"Nani kakwambia?"

"Hilo si jibu, Fundi."

Fundi akavuta ndoo, akaigeuza, akamwonyesha aketi. Hakuketi. Basi akaketi yeye mwenyewe, akaanza kusema huku anaangalia sakafu. Mama mkwe alikuwa na kansa ya koo. Alifanyiwa upasuaji wiki kumi na tatu zilizopita, wakatoa kile kinachotoa sauti, chote. Hasemi tena. Anapumua kwa tundu hapa, na Fundi akajigusa chini ya koromeo. Kabla ya kuingia hospitali alikaa chumbani siku nzima na simu, akarekodi jumbe ishirini na nne, akampa mdogo wake Profesa, yule msusi, awe anazituma moja moja.

"Ili nini?"

"Ili umalize shule. Alisema ukijua utaacha."

"Na wewe ulijua."

"Nilitoa damu. Siku mbili zile nilikuambia nasafiri kwenda kufunga jokofu la bucha."

"Ulirudi umechoka, nikakupikia, nikakukanda mabega!" Sauti yake ilipanda mpaka muuza matairi wa ng'ambo ya barabara akageuka. "Wiki kumi na tatu unaniangalia usoni, unaniuliza mama hajambo, mimi nakujibu hajambo, anakusalimu! Ulikuwa unajisikiaje?"

"Vibaya," alisema Fundi. "Lakini aliniapisha. Mama mkwe anakushika mkono anakulilia, wewe ungefanyaje?"

Profesa aliegemea jokofu. Alitaka kulia na chozi halikuja, ilikuja hasira tu, na chini ya hasira kitu kingine kibaya zaidi ambacho bado hakijapata jina. Fundi akaona amenyamaza, akadhani pabaya pamepita, akaendelea.

"Sasa angalau mambo yatakwenda. Daktari alitaka aanze kupigwa mionzi wiki ya sita, na mashine iko hospitali kuu, hapahapa mjini. Mama akagoma. Alisema akienda huko utamwona, tusubiri umalize kwanza, maana ulimwambia miezi mitatu. Wamembembeleza mpaka wamechoka. Basi namshukuru Mungu umeshawasilisha, maana ukimwambia hivyo kesho anapanda basi."

Hapo ndipo kile kitu kikapata jina. Wiki saba. Wiki saba mama yake alikuwa amekaa nyumbani na ugonjwa wake anamsubiri mwongo.

"Sijawasilisha," alisema.

"Umesema jana usiku—"

"Nilisema. Sijawasilisha, Fundi. Msimamizi alinirudisha nianze upya. Sura ya nne kaikubali wiki iliyopita, ya tano sijaandika hata neno. Ikifika tarehe thelathini sijapeleka, wananifuta."

Fundi aliinama. Alikuwa mpole, na upole wake ndio uliomfanya asitukane. Aliokota msumari sakafuni akautia mfukoni, akautoa tena.

"Harusi tumeiahirisha mara mbili," alisema hatimaye. "Baba yako kasema hakuna ndoa kabla ya cheti, nikasema sawa. Unajua kwetu wananiitaje? Mchumba wa Kudumu. Mpaka watoto wa dada yangu: Mjomba wa Kudumu kaja. Nacheka nao. Nilijua mwenzangu yuko mbioni, kabakiza hatua moja. Njia ya mwongo fupi, wanasema, lakini yako wewe umeifanya ndefu kweli."

"Na yako?"

Walitazamana, wachumba wawili kati ya majokofu mabovu, kila mmoja ana la kumshtaki mwenzake na hakuna mwenye uso wa kuanza. Mwishowe Fundi alifunga karakana, wakaenda kukata tiketi za basi la kesho.

*

Mdogo wake aliwapokea mlangoni akaanza kulia kabla hata ya kusalimu. Alikuwa msusi mwenye mikono myepesi na moyo mwepesi zaidi. "Dada, nisamehe. Zilikwisha. Azimio lilikuwa la wiki kumi na mbili, nikasema nirudie moja ya zamani, hutakumbuka."

"Azimio gani?"

Hapo ndipo ungemjua mama yao. Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza kwa miaka thelathini na moja, na mwalimu wa kweli haingii darasani bila azimio la kazi. Basi hata kwa kumdanganya mwanawe aliandaa azimio. Mdogo wake alimletea daftari kubwa la mistari, lililopigwa safu kwa rula: Wiki. Siku. Mada. Lengo. Maoni. Wiki ya kwanza, Jumatatu: salamu, habari za majirani, lengo, asishuku. Alhamisi: kumkumbusha kula. Wiki ya nne: mvua na nguo za Baba, lengo, acheke. Wiki ya tisa: kumkaripia kidogo, maana akisifiwa sana atajua kuna jambo. Wiki ya kumi na mbili, ya mwisho: pongezi za kumaliza. Kwenye safu ya Maoni mdogo mtu alikuwa akiandika kwa penseli: imetumwa, amecheka, imetumwa, ameuliza swali, sikujibu. Mbele ya ile ya pongezi aliandika: bado hajamaliza, nimeiacha.

Profesa alilifunga daftari. Sauti ya mama yake ya mwisho, ambayo hajaisikia na ambayo hakuna nyingine baada yake, ilikuwa imekaa ndani ya simu inangoja amalize.

Mama alitoka chumbani amefunga kitambaa shingoni. Alikonda, lakini alitembea wima kama mtu anayeingia darasani. Alipomwona bintiye alisimama. Mdomo ulifunguka ukaita jina lake, midomo iliita vizuri kabisa, na kilichotoka kilikuwa hewa tu, ikipuliza nyuma ya kitambaa. Profesa alipiga magoti akamshika miguu, na sasa machozi yakaja yote kwa mpigo.

Mama alimwinua. Akamfuta uso kwa ncha ya khanga. Halafu akachukua daftari dogo alilolitundika kiunoni kwa kamba, na kalamu, akaandika kwa ule mwandiko wake wa ubaoni, herufi duara zilizosimama sawasawa:

"Nani kamwaga mtama?"

"Mimi," alisema Baba kutoka kwenye kiti chake. "Na nimefurahi."

Mama alimkata jicho. Akaandika tena, akamgeuzia binti.

"Umemaliza?"

Njia nzima, saa sita za basi, Profesa alikuwa amejiandaa. Atasema ukweli. Atasema, Mama nilikudanganya, bado sura moja, lakini siri imekwisha, tumeonana, sasa twende hospitali, kuna tatizo gani? Alifungua mdomo. Lakini kwanza, ili apime maji, alisema, "Kama sijamaliza je, Mama? Si nimeshajua sasa? Twende tu."

Mama alitikisa kichwa kabla hajamaliza kusema. Aliandika kwa haraka, ukurasa mzima, kalamu ikitoboa karatasi.

"Mimi nilikuwa mwaka wa pili chuo. Mama yangu akaugua. Nikasema naenda kumuuguza muhula mmoja. Sikurudi. Nimefundisha a e i o u miaka thelathini na moja na nilikuwa na akili ya zaidi ya hapo. Mtoto wangu hataniuguza kwa bei hiyo. Nitapanda basi siku umemaliza. Kama hujamaliza rudi leo, mimi nakungoja hapahapa."

"Mke wangu, acha ukaidi!" alisema Baba. "Mashine haimsubiri mtu!"

Mama alimwekea kiganja mbele, kama anavyonyamazisha darasa. Mdogo mtu alimvuta dada yake mpaka jikoni, akafunga mlango kwa kisigino.

"Dada, sikiliza. Tulirudi kliniki Jumatatu. Daktari kasema zikipita wiki mbili zingine, asisumbuke kwenda. Kasema hivyo mbele yake. Amerudi hapa akapiga pasi nguo za Baba." Alipenga kamasi kwenye khanga. "Nimejaribu kila kitu. Kama umemaliza, mwambie. Kama hujamaliza, basi mimi sijui."

Profesa alifungua bomba, akanawa uso, akalifunga. Siku ishirini na moja, sura moja. Wiki mbili, mama mmoja. Hesabu haikuwa ngumu, na hata hivyo alisimama pale akiikokotoa, kwa sababu alijua jibu lake litamgharimu nini. Kisha akarudi sebuleni.

"Nimemaliza, Mama," alisema. "Nilikuwa nakupima tu. Nimewasilisha wiki iliyopita."

Mama alimtazama. Miaka thelathini na moja ya kutazama watoto waliosahau daftari nyumbani, waliofiwa na bibi mara nne. Profesa alihisi masikio yanawaka. Mama aliinama akaandika neno moja, lakini hakumwonyesha yeye. Alimgeuzia Fundi, aliyekuwa ameketi ukingoni mwa kochi na kofia magotini.

"Kweli?"

Fundi alilisoma. Alimtazama Profesa, naye Profesa hakumwomba chochote, alimwangalia tu. Kofia ikazunguka mikononi mwake mara moja, mara mbili.

"Kweli, Mama," alisema Fundi. "Nimeiona kwa macho yangu. Ina jalada jeusi."

Mama alitupa daftari. Alimkumbatia binti, akamkumbatia Fundi, jambo ambalo halifanyiki kwa mkwe, akapiga makofi, akazunguka sebule, mdomo wazi katika kigelegele kisicho na sauti, hewa ikipuliza shingoni fyuu fyuu. Akampokonya mdogo mtu simu, akaitafuta mwenyewe ile ya wiki ya kumi na mbili, akabonyeza.

"Mwanangu!" ilipasuka sauti yake chumba kizima, nzito, nzima, ya mtu mwenye koo. "Hongera! Hongera sana! Nilijua utamaliza, nani kasema hutamaliza? Mimi mama yako leo natembea kichwa juu. Umenilipia deni ambalo hukukopa wewe. Sasa pumzika, ule, ulale. Na uje nyumbani nikuone."

Mama alisimama pembeni, anafuatisha maneno yake mwenyewe kwa midomo, anatabasamu. Baba alikuwa ameshampigia shemeji yake. "Kamaliza! Ndiyo, ya pili, ile kubwa! Na harusi sasa hakuna kisingizio, ni baada tu ya hayo matibabu." Habari ikatoka dirishani, ikavuka ua, na jirani wa kwanza akaitikia.

*

Chumba cha Profesa mjini kilikuwa cha hatua tano kwa nne, kitanda kimoja, jiko la gesi pembeni. Mama alipewa kitanda; mdogo mtu alibaki nyumbani na Baba. Kabla ya kumleta ndani, Fundi alitangulia akaondoa madodoso yote, vitabu vya maktaba, na rasimu zenye wino mwekundu, akavisweka ndani ya jokofu bovu karakanani.

Mpango wao ulikuwa mzuri kwa maneno. Fundi atampeleka Mama hospitali, Profesa ataandika steshenari. Ulidumu siku moja. Kila baada ya saa mbili kijibomba cha shingoni kilitakiwa kitolewe, kisafishwe makohozi, kirudishwe, na Mama asingemfunulia mkwe shingo hata kwa dawa. Siku ile alikaa saa tano amekifunika kwa kitambaa, akarudi midomo imebadilika rangi. Fundi alimkabidhi kwa Profesa. "Siwezi tena," alisema. "Atanifia mikononi kwa heshima."

Basi kazi hiyo ikawa ya Profesa. Jumatatu mpaka Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi kushika namba, saa nane au tisa mchana kutoka. Jioni alikimbilia steshenari akisema anaingia zamu, na Mama Karatasi, aliyejua yote, alimwachia kompyuta ya pembeni bila kumtoza. Aliandika aya moja, akasinzia, akaamka kichwa kipo juu ya kibodi na kurasa tatu za herufi moja. Wiki ya pili ngozi ya shingo ya Mama ilianza kuungua na kumeza kukawa mateso, ikabidi uji usagwe, uchujwe, unyweshwe kwa kijiko. Aya zikawa sentensi. Alimwendea msimamizi wake kuomba siku kumi. Dokta alivua miwani, akasema, na hakusema kwa ubaya, "Binti yangu, kwangu ungepata hata mwezi. Ile ofisi si yangu. Lete sura ya tano tarehe thelathini kabla ya saa kumi, nitaisaini hata nimesimama."

Siku moja alikaribia kumwambia Mama ukweli. Mama alikuwa analia kwa maumivu, ameandika "Nimechoka, nirudisheni nyumbani", naye akamwambia, "Vumilia, Mama, utaniona na joho." Mama akajifuta machozi, akasimama, akavaa viatu. Baada ya hapo ilikuwa dawa. Kila asubuhi Mama alipogoma alimnywesha joho, na Mama akaenda.

*

Tarehe thelathini iliangukia Jumatano. Asubuhi mashine ilikuwa inafanyiwa matengenezo, na saa tisa mchana benchi la wanaosubiri mionzi lilikuwa bado limejaa kutoka mlango mpaka mlango. Sura ya tano ilikuwa nusu, kwenye kompyuta ya steshenari. Mpaka saa tatu asubuhi Profesa alikuwa bado anajidanganya kwamba wakiitwa mapema atakimbia, atamalizia chochote, atachapa. Saa sita aliacha kuitazama saa ya ukutani. Fundi alituma ujumbe: "Imekuwaje?" Aliirudisha simu mkobani.

Mama alikuwa na nguvu siku hiyo. Muuguzi alimwambia uvimbe umenywea, dawa inamkubali, na siku alizobakiza ni chache kuliko zilizopita. Aliketi wima, akamgusa mwanamke wa kando yake aliyefungwa kichwa, akamwandikia kitu kwenye daftari. Yule mwanamke alisoma polepole kwa kidole, akainua uso.

"Huyu?" aliuliza. "Hongera, dada!"

Alimpasia daftari mzee wa pili yake. Mzee akatoa miwani mfukoni, akasoma kwa sauti ili na wengine wasikie: "Huyu ni binti yangu. Amemaliza shahada ya uzamili. Ndiye aliyenifanya nikubali kuja hapa."

Daftari likaenda mkono kwa mkono benchi zima. Mtu mwenye bandeji mashavuni akalisoma, akanyoosha kidole gumba. Mama mmoja akamwambia mwanawe wa kiume, "Unaona wenzako?" Mlango wa chumba cha mashine ulifunguka, muuguzi akatoka na faili, naye akalisoma, akacheka. "Kumbe tuna msomi humu! Jamani, mpigieni makofi." Wakampigia, wale wenye nguvu za kupiga, na wengine wakagonga benchi kwa vidole. Saa ya ukutani nyuma ya muuguzi ilikuwa imefika kumi kamili.

Mama alimvuta mkono asimame, watu wamwone vizuri. Profesa alisimama.

"Asanteni," alisema. "Asanteni sana."